Muuguzi Naye Huuguzwa na Nani?

Wazee wetu walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyejitwika ndiye ajuaye uzito wake. Wewe uliyesimama kando, mikono mitupu, waliona kanda limefura na wadhani ndani mna sufi tupu, kitu cha kubebwa na mtoto. Methali hii nimeisikia tangu ningali chuoni, juzuu ikiwa mapajani, na nimeitumia mara nyingi katika ukurasa huu kuwaasa wengine. Leo naitumia kujiasa mwenyewe, kwani, mpenzi msomaji, nina deni, na deni la kalamu halilipwi ila kwa kalamu.

Deni lenyewe ni hili. Mwaka jana nililazwa katika hospitali moja ya hapa pwani kwa siku tisa. Maradhi ya sukari yalikuwa yamenipata kidole cha mguu, kidonda kikakataa kufunga, na daktari akaniambia kwamba nisipokubali kulala pale nikaoshwa kidonda kila siku, huenda nikarudi nyumbani na mguu mmoja. Nikakubali. Wadi ilikuwa ya wanaume, vitanda vimepangwa pande mbili, na usiku tuliachiwa muuguzi mmoja pamoja na msichana aliyekuwa bado mwanafunzi.

Usiku wa nne nilishikwa na kiu. Nikaita, "Sista!" Kimya. Nikaita tena, na mara ya tatu nikaita kwa sauti iliyowaamsha jirani zangu. Ilipita nusu saa, labda zaidi, maana mgonjwa hana saa ila ya maumivu yake. Alipokuja nilimpokea kwa maneno ambayo nayaonea haya hata leo. "Wewe binti," nilimwambia, "kama kazi imekushinda si urudi kwenu?" Hakunijibu. Alinimiminia maji, akanishika kisogo ninywe vyema, akasema, "Samahani, baba," kisha akaenda zake. Niliona mikono yake yatetemeka. Nikasema moyoni, huyo katolewa usingizini.

Nilipopata nafuu niliandika. Wasomaji wa ukurasa huu huenda wanayakumbuka makala yale. Nililaumu wauguzi walalao zamu na wagonjwa wakitaabika, nikayapamba kwa beti tatu za kuchoma, na vina nikavipanga vikapangika. Nilipotokea barazani Kibokoni nilipongezwa kama niliyerudi vitani, na mzee mmoja akawalipia wote kahawa. Kila mmoja alikuwa na kisa chake cha sista mkali. Tulicheka hadi adhana ya isha.

Ijumaa iliyofuata alikuja mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ni muuguzi kwa mwaka wa kumi na mbili sasa. Aliniamkia, akaniletea mahamri kama ada yake, kisha akalitandaza gazeti mezani.

"Mjomba," akasema, "umeandika, na ushairi ni wako. Lakini nataka kukuuliza jambo moja. Usiku ule hapana mtu aliyefariki mle wadini?"

Nikafikiri. Naam, alikuwapo mzee wa kitanda kilichokabiliana na changu. Asubuhi nilikuta kitanda chake kimevuliwa shuka na godoro limekunjwa.

"Basi ni nani aliyemfumba macho? Ni nani aliyemfunga kidevu, akamnyoosha viungo havijakakamaa, akaandika karatasi, akampigia simu mwanawe usiku wa manane kumpa habari ile? Na kabla ya hapo, ni nani aliyekuwa akimsukuma kifua ili roho irudi? Wewe ukaita maji, mjomba, na maji ukaletewa."

Sikuwa na jibu. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mimi nilikuwa nimemtangaza mwosha gazetini.

MILANGO SABA

Mpwa wangu hakuja kunigombeza. Alikuja na karatasi ya masomo yake, kwani alikuwa amerudi chuo kujiendeleza. Ndani yake mlikuwa na maswali 34 yaliyotungwa na watafiti wawili wa Marekani, Pamela Gray-Toft na James Anderson, wakayachapisha mwaka 1981. Maswali hayo humuuliza muuguzi ni mara ngapi jambo fulani humtia dhiki akiwa kazini. Tangu wakati huo yametumiwa katika nchi nyingi, na yote yamegawanywa katika mafungu saba, au tuseme milango saba ambayo dhiki huingilia.

Mlango wa kwanza ni kifo na kuwatazama wanaokufa. Wa pili ni kutoelewana na madaktari. Wa tatu ni kujikuta huna maandalizi ya kutosha ya kumliwaza mgonjwa na jamaa zake. Wa nne ni kukosa wa kuegemea. Wa tano ni ugomvi na wauguzi wenzako au wasimamizi. Wa sita ni wingi wa kazi. Wa saba ni mashaka juu ya matibabu, kama vile mgonjwa kuzidiwa na daktari hayuko karibu.

Nikawa nasoma swali kwa Kiswahili changu, naye ajibu huku akinywa kahawa. Juu ya kifo alisema hivi: "Kifo chenyewe hatukionei ugeni. Tabu ni kwamba hupewi hata dakika tano. Umemfunika mmoja, wa pembeni ataka chombo cha haja. Umetoka kwa mama aliyefiwa na kitoto, na kitanda cha tatu kuna mama aliyezaa salama, nawe hufai kwenda kwake na uso ule ule. Basi wauweka wapi? Wauweka ndani."

Juu ya jamaa za wagonjwa alisema kwamba dawa ikikosekana, hakuna amfuataye aliyeshindwa kuileta. Atakayegombezwa ni yule aliye mbele, aliyevaa sare. Juu ya wingi wa kazi alicheka tu.

Tulipofika mlango wa nne, uulizao kama muuguzi ana nafasi ya kuzungumza wazi na wenzake juu ya yanayomsibu wadini na kuwaeleza anavyohisi, mpwa wangu aliweka kikombe chini. Alinyamaza kitambo.

"Sisi huzungumza juu ya wagonjwa," akasema. "Nani kapewa sindano, nani asile asubuhi kwa kuwa anapasuliwa. Tukikabidhiana zamu tunakabidhiana watu. Kile kilichokupata wewe usiku kucha, hicho hakina mahali kwenye daftari. Na ukisema umechoka utaambiwa kwamba kazi hii ni wito."

UKALI WATOKA WAPI?

Maneno yake yalinirudisha kwenye swali ambalo makala yangu ya kwanza hayakujisumbua nalo. Ule ukali tunaoulalamikia watoka wapi? Mtoto wa jirani yetu, mpole, mwenye haya, huenda chuo cha uuguzi akiwa na huruma tele, na baada ya miaka kadhaa twamkuta dirishani uso umekauka, akijibu bila kuinua macho. Je, huruma ilimtoka wapi?

Mwaka 1960 bibi mmoja wa Uingereza, Isabel Menzies, alichapisha utafiti alioufanya katika hospitali moja kubwa ya London, ambako wanafunzi wa uuguzi, takriban mmoja katika kila watatu, walikuwa wakiacha masomo kabla ya kuhitimu. Aliona kwamba hospitali yenyewe ilikuwa imejijengea mbinu za kuwakinga wauguzi wasihisi. Kazi iligawanywa vipande vipande, huyu apime homa ya wadi nzima, yule atandike vitanda vya wadi nzima, asipatikane wa kukaa na mgonjwa mmoja hadi akamzoea. Mgonjwa aliitwa kwa ugonjwa wake na nambari ya kitanda badala ya jina. Muuguzi alihamishwa wadi hii kwenda ile bila ya kuagana na mtu. Yote hayo yalikusudiwa kuizuia huzuni isiingie, na kumbe huzuni ilikwisha kuingia zamani, na sasa haikuwa na mlango wa kutokea.

Miaka 21 baadaye, mwaka 1981, Christina Maslach na Susan Jackson wa Marekani walitunga kipimo cha mtu aliyechoshwa na kazi ya kuhudumia watu. Walitaja dalili tatu. Kwanza, moyo huishiwa, mtu akawa hana tena cha kutoa. Pili, huanza kuwaona anaowahudumia kama vitu. Tatu, hujiona kwamba yote afanyayo ni bure. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2019, liliieleza hali hii kuwa ni jambo litokanalo na kazi wala si ugonjwa wa mtu binafsi. Hapo pana fundisho. Ukali wa sista, aghalabu, si tabia aliyozaliwa nayo. Ni kovu, na mwenye kovu usidhani kapoa.

Wala tusidhani kwamba dhiki hiyo yaishia kwake. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha hesabu waliyoifanya katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania. Walikuta kwamba kila muuguzi anapozidishiwa mgonjwa mmoja juu ya wale alio nao, hatari ya mgonjwa aliyepasuliwa kufariki ndani ya siku 30 huongezeka kwa asilimia 7, na uwezekano wa muuguzi mwenyewe kuwa katika hali ile ya kuishiwa moyo huongezeka kwa asilimia 23. Muuguzi na mgonjwa wamo katika dau moja, maji yakiingia upande wa mmoja, na wa pili atalowa.

KUZIKANA NA KUOZANA

Sasa nije kwenye jambo ambalo limeninyima usingizi zaidi ya kidonda, nalo latuhusu sisi wa mitaani kuliko wakubwa wa hospitali.

Mwaka 1981 huo huo, mtaalamu wa Marekani James House aliandika kitabu juu ya dhiki ya kazi na msaada wa watu. Alisema kwamba msaada ni wa namna nne. Upo msaada wa moyo, yaani mtu kusikilizwa na kupendwa. Upo wa mkono, yaani kutendewa jambo. Upo wa shauri, yaani kupewa maarifa ya kutatua shida. Na upo wa kipimo, yaani kupata mtu wa kukwambia kwa haki ulipofanya vyema na ulipokosea. Na Sheldon Cohen pamoja na Thomas Wills, walipozipitia tafiti nyingi mwaka 1985, walieleza kwamba mtu ajuaye kuwa ana pa kukimbilia, mzigo ule ule humdhuru kidogo kuliko asiye na pa kukimbilia.

Niliposomewa hayo nilicheka, kwani mambo haya sisi tulikuwa nayo kabla ya wao kuyaandika. Mwari wa Kimvita alipewa somo wake, naye akawa mama wa siri zake maisha yote. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, alieleza habari za vyama vya lelemama, ambavyo mbali na ngoma na mashindano yake vilikuwa mahali pa wanawake kusaidiana katika harusi na misiba. Hadi leo, ukifiwa, hujui sufuria imetoka nyumba gani wala nani kachanga mchele. Kidole kimoja hakivunji chawa, na pwani hatukuachiana kuvunja chawa peke yetu.

Lakini msaada huu wetu una sharti moja, na sote twalijua. Sharti lenyewe ni kuhudhuria. Asiyekuja kwako, nawe huendi kwake. Kina mama wana daftari lisiloandikwa: fulani hakuonekana siku ya kupeleka mahari, fulani alikosa hitima, fulani hata kupika hakuja. Na ni nani basi ambaye Jumamosi ya harusi yuko zamu, usiku wa hitima yuko zamu, na sikukuu ya Idi, baada ya kuswali, avua nguo mpya avae sare?

Mpwa wangu alinieleza jinsi alivyokosa harusi tatu za mtaani kwao Likoni katika mwaka mmoja. Mara ya kwanza waliuliza yuko wapi. Mara ya pili walisema ana maringo ya mshahara. Mara ya tatu hawakumletea mwaliko. Asubuhi akitoka zamu ya usiku, avuka feri akiwa miongoni mwa umati uendao kazini, yeye peke yake arudi kulala. Akifika mtaani hana nguvu za kukaa ukumbini kwa mtu. Amkapo, wenzake wamekwisha kutawanyika.

Kisha akaniambia neno ambalo nililijua na sikupata kulitia maanani. Babake, shemeji yangu, alipofariki, Mungu amrehemu, wanaume walijaa kama desturi, lakini upande wa kina mama walikuwa wachache. Niliwaona kwa macho yangu. Nilidhani ni kwa sababu ya mvua.

Fikiri, ndugu yangu. Wanawake wale wote, ni nani aliyewapokea watoto wao katika wadi ya wazazi? Ni nani aliyewafuta mama zao? Kazi ile ile inayomfanya awe karibu na kila mtu siku yake nzito ndiyo inayomtoa katika daftari la watu siku ya furaha, na kisha akakosa wa kumlilia siku yake mwenyewe. Hospitalini hana mahali pa kutua mzigo kwa kuwa kazi ni wito. Mtaani hana mahali pa kuutua kwa kuwa hakuja harusini. Basi autue wapi?

RAMADHANI YA MWAKA 2020

Nilimuuliza ni wakati gani katika miaka kumi na miwili alikaribia sana kuacha kazi. Nilidhani atautaja mwaka 2017, pale wauguzi wa hospitali za serikali walipogoma tangu Juni hadi mwanzo wa Novemba wakidai mkataba wa mishahara yao utimizwe. Akasema la. Wakati ule walikuwa wengi, walishikana mikono, na hata njaa waliila pamoja.

Akasema ni mwaka 2020. Wasomaji wa Mombasa hawajausahau mwaka ule. Korona ilithibitishwa nchini tarehe 13 Machi, Aprili tukafungiwa tusitoke wala kuingia kaunti, na tarehe 6 Mei, tukiwa katikati ya mfungo, Mji wa Kale ukazingirwa peke yake. Mpwa wangu alikuwa akifanya kazi ndani ya nguo za plastiki hali amefunga, jasho likimtiririka hadi ndani ya viatu. Alipanga chumba mbali na nyumba ya mamake ili asimpelekee maradhi. Watu wa pale walipojua kazi yake waliacha kumrudishia salamu. Mwenye duka alimwambia aweke pesa chini, naye atazinyunyizia dawa. Redioni wauguzi wakiitwa mashujaa, na mlangoni kwake mtoto alikatazwa kucheza.

"Mjomba, shujaa ni jina zuri," aliniambia, "lakini halifuturishi."

Basi siku moja, karibu na magharibi, alisikia mlango wabishwa mara mbili. Alipofungua hakuona mtu. Chini pana bakuli limefunikwa kwa kawa, ndani uji wa mtama, na pembeni tende tatu. Kesho yake vile vile, na kesho kutwa. Alikuwa bibi mmoja mjane wa nyumba ya pili. Abisha, kisha ajitenga, asije akaambukizwa au akaambukiza. Hawakuonana uso kwa uso mpaka Idi. "Lakini nilikwisha ujua ubishaji wake," mpwa wangu alisema. "Nikawa nikitoka zamu natembea haraka niuwahi. Mtu mmoja tu, mjomba. Mimi sikuacha kazi kwa sababu ya bibi yule."

HEMA MSIKITINI

Sisi tuliosoma chuoni tunazijua habari za Rufaida wa kabila la Aslam. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, Saad bin Muadh alipopigwa mshale, hema lilipigwa ndani ya msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, na Rufaida akitajwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Tutazame mahali lilipowekwa hema lile. Halikutupwa nje ya mji. Lilikuwa msikitini, mahali watu wanapopita mara tano kwa siku, hata asiyekusudia kumtazama mgonjwa na mwuguzaji wake huwaona.

Na yuko Umm Atiyya wa Ansari, ambaye katika hadithi amesimulia kwamba alitoka katika vita saba, akiwapikia wapiganaji, akiwatibu waliojeruhiwa na kuwaangalia wagonjwa. Bibi huyo huyo ndiye tuliyepokea kwake habari za kumwosha binti wa Mtume alipofariki, nao walikuwa wanawake kadhaa waliokusanyika katika kazi ile. Hakuachiwa maiti peke yake.

Maulamaa wetu wameeleza, na Imamu Ghazali ni mmoja wao, kwamba utabibu ni faradhi ya kifaya, kama ilivyo kumwosha maiti na kumswalia. Wakiifanya baadhi yetu, wengine dhambi huwaondokea. Isipofanywa na mtu, sote tu wakosa. Maana yake, sista yule anapokesha, anakesha kwa niaba yangu na yako. Anatulipia deni. Je, mtu akikulipia deni, wamtukana kwa kuchelewa kukuletea maji?

TUFANYE NINI?

Sitaki msomaji adhani kwamba nasema bakuli la uji latosha. Halitoshi. Baraza halilipi mshahara, na maneno matamu hayawi mikono miwili ya ziada usiku wa manane. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba dunia ilikuwa na wauguzi karibu milioni 28, na bado ilipungukiwa na milioni 5.9, upungufu mwingi ukiwa katika nchi kama zetu. Na hao tulio nao huitwa kwingine: mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mapatano ya kupeleka wauguzi huko, na wengine wengi wako Saudia na Ghuba. Wakubwa wana wajibu wao, na kalamu hii haitawaacha.

Lakini yapo yasiyongoja bajeti. Msimamizi wa wadi aweza kuketi na wauguzi wake robo saa baada ya usiku mgumu, chai mezani, akauliza yaliyowapata wao kabla ya kuuliza daftari. Hospitali moja ya Boston, Massachusetts General, ilianzisha vikao vya namna hiyo mwaka 1997, madaktari, wauguzi na wengine wakae pamoja wasimulie jinsi kazi inavyowagusa, na vikao hivyo vimeenea hospitali nyingi za Marekani na Uingereza. Kwao ni jambo jipya. Kwetu ni baraza tu, lililokosa kuingizwa hospitalini.

Nasi mitaani, tumtoe muuguzi katika lile daftari letu lisiloandikwa. Akikosa harusi, awekewe sahani yake, apelekewe amkapo. Akiwa na msiba, tumhesabie siku alizotuangalia sisi kuwa ndiyo mahudhurio yake. Na uendapo kumzuru mgonjwa, haki ambayo dini yetu imetuwekea, usitoke bila ya kumuuliza hali na yule aliyesimama mguuni pa kitanda. Si kumuuliza kwa kupita. Muulize usubiri jibu.

Mimi nilirudi katika wadi ile, nimechukua kikapu cha halua na maneno niliyoyakariri njia nzima. Sikumkuta. Waliniambia aliacha kazi miezi miwili baada ya mimi kutoka. Mmoja alisema yuko Saudia, mwingine akasema yuko kwao bara, afanya biashara ya nguo. Sikuthubutu kuuliza kama alilisoma gazeti. Halua niliwaachia wenzake, wakaila wima, kwani hapakuwa na wakati wa kuketi. Yeye, popote alipo, huenda ukurasa huu ukamfikia, kama ule wa kwanza labda ulivyomfikia.

Nilikunena kwa wino, sikujua la moyoni,
Nikakuchoma kwa neno, hadharani gazetini,
Leo nanyosha mkono, msamaha natamani,
Mzigo wake mwenzio, sio kanda la usufi.

Akeshaye kila siku, na wengine wamelala,
Hataki sifa na chuku, ataka mwenza wa kula,
Mtoeni dukuduku, mfanyieni jamala,
Mzigo wake mwenzio, sio kanda la usufi.

Tamati nafunga beti, kalamu naweka chini,
Dada popote uketi, Mola akupe auni,
Nasi tukwekee kiti, utue kwetu nyumbani,
Mzigo wake mwenzio, sio kanda la usufi.